Nabongo Mumia na mfalme wa Mari: Ufalme wa Wanga ukitazamwa kutoka Mautuma

Mautuma hakuna kaburi la mfalme. Kuna mashamba ya mahindi, ng'ombe wa maziwa, makanisa, shule na visiagi, na ardhi iliyokatwa vipande na wapima wa serikali wakati mashamba ya walowezi wa Kizungu yalipogeuzwa kuwa skimu za makazi mnamo miaka ya Uhuru. Wodi hii iko Lugari, kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega, karibu na mpaka wa Uasin Gishu. Waliopata vipande hivyo walitoka Maragoli, Bunyore, Tiriki, Bukusu, Kabras na kwingineko Uluhyani, hasa kule ambako watu walikuwa wengi na ardhi haba. Kila jamaa ilihamia na mifugo yake, vyombo vyake na historia ya kwao. Katika historia hizo, jina la Nabongo Mumia wa Wanga lina sura nyingi. Kwa wengine huyu ndiye mfalme mkuu ambaye magharibi mwa Kenya imepata kuwa naye. Kwa wengine ni mtu aliyewafungulia Wazungu mlango, kisha akawapelekea majirani machifu wa ukoo wake.

Kwa sababu hiyo naona Mautuma panafaa kuzungumzia wafalme kuliko hata Mumias kwenyewe. Mumias ufalme una wenyewe. Mautuma wajukuu wa waliotawala, wa waliotawaliwa na wa waliopigana wanakaa ua kwa ua, na watoto wao wanakaa dawati moja.

Watoto hao, waliosoma kwa mtaala wa 8-4-4, walikutana na wafalme mara mbili, na mara zote mbili habari ikakatwa. Kidato cha kwanza walifundishwa Mesopotamia: kilimo cha kale, mifereji ya mito Hidekeli na Frati, jembe, gurudumu. Wafalme wa nchi hiyo walipita mbali, au wakatajwa kwa jina moja tu la Hammurabi. Kidato cha tatu Mumia akaletwa katika mada ya jinsi jamii za Kenya zilivyoupokea ukoloni. Amewekwa upande wa walioshirikiana na Waingereza, pamoja na Lenana wa Wamaasai. Upande wa pili wako waliopigana, Wanandi, Wabukusu na Wagiriama. Mtihani ukiuliza kwa nini Wanga walishirikiana, mtahiniwa anaandika sababu, anapewa alama zake, anageuza ukurasa. Nasaba iliyotawala vizazi kadhaa kabla ya Mzungu yeyote kuvuka Mto Nzoia imebaki swali fupi la mtihani.

Nataka kuziweka habari hizo mbili pamoja. Iko hadithi ya mfalme mmoja wa Mesopotamia ambayo kwangu inamweleza Mumia vizuri kuliko mada hiyo ya kidato cha tatu. Lakini kabla ya kuifikia, tuangalie orodha za wafalme zinavyotungwa, kwa kuwa ugomvi mwingi kuhusu Wanga ni ugomvi wa orodha.

Nani aingie, nani aachwe

Katika jumba la makumbusho la Ashmolean, mjini Oxford, kuna bonge la udongo lenye nyuso nne, urefu wake kama sentimita 20, limejaa alama zilizokandamizwa kwa ncha ya tete. Lilifika huko kwa mkono wa Herbert Weld Blundell, Mwingereza ambaye mwaka 1898 na 1899 alivuka Uhabeshi hadi Mto Nili, na baadaye akavutiwa na mambo ya kale ya Iraki. Maandishi ya bonge hilo yana umri wa takriban miaka 3,800, nayo yanajulikana kama orodha ya wafalme wa Sumeri. Yanaanza na ufalme ukishuka kutoka mbinguni na kutua katika mji wa Eridu, ambako Alulim anasemekana kutawala miaka 28,800. Wafalme wanane wa kabla ya gharika wanapewa jumla ya miaka 241,200. Baada ya gharika ufalme unashuka tena, safari hii katika mji wa Kishi, na umri unaanza kupungua hadi Gilgamesh wa Uruk anaambulia miaka 126. Kuna mwanamke mmoja tu aliyehesabiwa kuwa mfalme, Kubau wa Kishi, aliyekuwa mama pima pombe. Yeye anapewa miaka 100.

Msomaji aliyekulia katika Kitabu cha Mwanzo, na Lugari hao ni wengi, hatashtushwa na umri wa namna hiyo. Ameshamsoma Methusela. Jambo linalopaswa kumfikirisha ni dai lililofichwa ndani ya orodha: kwamba katika nchi yote, kwa wakati wowote, mji mmoja tu ndio uliokuwa na ufalme, na ufalme huo ukahama kutoka mji hadi mji kwa vita. Maandishi mengine na machimbo ya wataalamu yameonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo. Nasaba nyingi zilizopangwa katika orodha moja baada ya nyingine zilitawala wakati mmoja, kila moja katika mji wake, zikigombea maji, malisho na mipaka. Bonge hilo la Oxford linaishia na wafalme wa mji wa Isin, na ni wafalme wa Isin waliofaidika kuambiwa kwamba wao ndio warithi halali wa ufalme ulioshuka kutoka juu.

Na kuna mji mzima ulioachwa. Lagash ulikuwa na watawala mashuhuri. Eannatum aliushinda mji jirani wa Umma na kusimamisha jiwe la ushindi ambalo vipande vyake viko Paris hadi leo. Gudea alijenga mahekalu na kuacha sanamu zake za jiwe jeusi. Hakuna hata mmoja wao katika orodha. Watu wa Lagash, au waliojali heshima ya Lagash, hawakunyamaza. Yako maandishi mengine ya Kisumeri yanayoanza vilevile baada ya gharika, yanayohesabu watawala wa Lagash peke yao, nao wakapewa miaka mingi ya kutawala. Baadhi ya wasomi wanayaona kama jibu la makusudi kwa orodha iliyowanyima nafasi.

Afrika Mashariki inajua mchezo huu. Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alirudi na majina manane ya wafalme wa Buganda. Stanley, aliyefika mwaka 1875, alipewa majina zaidi ya thelathini. Mwaka 1901 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alichapisha kitabu chake cha wafalme hao, na orodha yake ndiyo iliyoshika mizizi. Sisemi kwamba majina yaliyoongezeka yalibuniwa. Kila ukoo ulikuwa na kumbukumbu yake, na kila mwulizaji alimpata msimulizi wake. Ninachosema ni kwamba orodha ya wafalme huandikwa na mtu mwenye haja nayo, na haja hiyo inapaswa kusomwa pamoja na majina.

Mgeni aliyefika Imanga

Watawala wa Wanga wanatoka katika ukoo wa Abashitsetse, na cheo chao ni Nabongo. Alama za kiti ni bangili ya shaba, ngozi ya chui na mkuki. Masimulizi yanamtaja mwasisi, Wanga, kama mtu wa nasaba ya kifalme aliyejitenga na ndugu zake na kufika Imanga akiwa mgeni. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kuwatumikia wenyeji wake, na kwamba bangili aliyokuja nayo ndiyo iliyomfichua. Mwishowe wenyeji wakawa chini yake.

Kule Mesopotamia nako ilisimuliwa habari ya Sargon, aliyeishi yapata miaka 4,300 iliyopita, kwamba alikuwa mnyweshaji wa mfalme Ur-Zababa wa Kishi. Mtumishi huyo ndiye aliyekuja kuanzisha nasaba ya Akadi na kuiweka miji ya Sumeri chini ya mkono mmoja. Hakuna aliyeichukua hadithi kwa mwenzake. Nasaba mpya popote hukabiliwa na swali lile lile la wenyeji: wewe umetoka wapi hata ututawale? Jibu linalokubalika ni kwamba mgeni alikuwa mfalme tangu mwanzo, na wenyeji ndio waliokawia kumtambua.

Baada ya Wanga yanafuata majina ambayo mtoto wa Matungu au Mumias anaweza kuyataja kwa heshima: Wabala, Musui, Netia, Osundwa, Wamukoya, Shiundu, kisha Mumia. Hapa pia orodha iliyonyooka inaficha mipasuko. Ufalme uligawanyika, tawi la Wanga Mukulu likawa na mtawala wake, na ushindani wa matawi hayo mawili uliendelea hadi siku za Mumia mwenyewe. Anayeyahesabu majina kutoka Mumias anapata mstari mmoja. Anayeyahesabu kutoka Wanga Mukulu anapata uma.

Tuna bahati kwamba habari hizi ziliandikwa wakati wazee waliozijua walikuwa bado hai. Profesa Gideon Were alizunguka magharibi mwa Kenya miaka ya 1960, akawauliza wazee wa koo nyingi, si wa Wanga peke yao, na mwaka 1967 akachapisha historia ya Abaluyia pamoja na kitabu kingine chenye masimulizi yenyewe aliyoyakusanya. John Osogo alikwisha kutoa historia yake mwaka mmoja kabla, na aliandika pia maisha ya Mumia. Kitabu hicho cha pili alikiita Nabongo Mumia wa Baluyia. Mumia wa Baluyia, yaani wa wote. Ni dai kubwa, ukikumbuka kwamba umoja wa makabila haya kwa jina la Abaluyia ulishika nguvu miaka ya 1930 na 1940, Mumia akiwa amekwisha kustaafishwa. Mwaka 1978 F. E. Makila akachapisha historia ya Babukusu, ikisimulia nchi ile ile kutoka upande wa watu ambao hawakumtambua Nabongo kuwa mfalme wao. Kila nikikiona kitabu cha Makila nakumbuka ile orodha ya Lagash.

Zimri-Lim

Sasa hadithi niliyoiahidi. Mari ulikuwa mji kando ya mto Frati, katika nchi ambayo leo ni Syria, karibu na mpaka wa Iraki. Mwaka 1933 wenyeji waliokuwa wakichimba kutafuta jiwe la kuwekea kaburi walifukua sanamu isiyo na kichwa. Kabla ya mwaka kwisha Mfaransa André Parrot alikuwa amefika na wachimbaji wake. Walichokipata ni jumba la mfalme lenye vyumba zaidi ya 260, na ndani yake vigae vya udongo vyenye maandishi, zaidi ya 20,000: barua, hesabu za mafuta na nafaka, taarifa za wapelelezi, ndoto za manabii.

Mfalme wa mwisho wa jumba hilo alikuwa Zimri-Lim. Kiti cha jamaa yake kilikuwa kimenyakuliwa, naye alikirudia karibu mwaka 1775 KK kwa msaada wa mfalme wa Aleppo, Yarim-Lim, ambaye binti yake Shibtu akawa malkia wa Mari. Katika barua moja ya wakati huo ofisa mmoja anaeleza hali ya dunia yao: hakuna mfalme mwenye nguvu akiwa peke yake. Wafalme kumi au kumi na watano wanamfuata Hammurabi wa Babeli, idadi kama hiyo wanamfuata Rim-Sin wa Larsa, na ishirini wanamfuata Yarim-Lim. Ilikuwa dunia ya kuchagua wa kumfuata, kupima zawadi, kuoza mabinti, kukopeshana askari. Zimri-Lim aliwaoza mabinti zake kwa wafalme wadogo waliokuwa chini yake, na barua za baadhi yao bado zipo, zikilalamika jinsi waume wanavyowadharau. Shibtu alisimamia jumba wakati mumewe yuko vitani. Orodha za wafalme hazitupi sauti hizo hata kidogo.

Zimri-Lim alimchagua Hammurabi. Waelami walipoivamia nchi kutoka mashariki, askari wa Mari walikwenda kusimama na Babeli, na Waelami wakarudishwa. Hammurabi alipomgeukia Rim-Sin wa Larsa, askari wa Mari walikuwapo tena, na Larsa ukaanguka mwaka 1763 KK. Miaka miwili baadaye Hammurabi akaichukua Mari. Mwaka 1759 KK akabomoa kuta zake, na jumba likateketea. Habari za Zimri-Lim zinakoma hapo.

Elureko

Mumia aliketi katika kiti cha Shiundu mwaka 1882. Ufalme aliorithi ulikuwa umebanwa. Kusini magharibi Waluo wa Ugenya walikuwa wameisukuma Wanga kwa vita vya miaka mingi. Kaskazini Wabukusu walikuwa wengi, wenye ng'ombe na ngome. Ndani kulikuwa na Wanga Mukulu. Alichokuwa nacho ni mahali. Boma lake la Elureko, ambapo leo ni Mumias, karibu na Mto Nzoia, lilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda, nchi yenye chakula tele baada ya nyika ndefu. Waswahili walikuwa wamekwisha kupajua tangu enzi za Shiundu. Walinunua pembe, walipumzisha wapagazi, walileta nguo, shanga, bunduki na Uislamu, ambao nyumba ya Nabongo iliupokea na ambao umebaki Mumias mpaka sasa.

Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa mwaka 1883, pwani walikuwa bado wakipaita Kwa Sundu, ingawa Shiundu alikuwa amekufa. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliiacha hapo sehemu kubwa ya msafara wake chini ya kasisi Mwafrika William Jones, akaendelea na watu wachache kuelekea Busoga, ambako aliuawa tarehe 29 ya mwezi huo. Manusura wachache walirudi kwa Mumia. Mwaka 1889 akaja Frederick Jackson na bendera ya kampuni ya Waingereza. Mapema mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters akafika Jackson akiwa safarini, akafungua barua za Jackson, akasoma kwamba Kabaka Mwanga anaomba msaada, na akakimbilia Buganda kabla ya mwenyewe kurudi. Mataifa mawili ya Ulaya yalikuwa yakikimbizana, na mbio hizo zilipita katika ua wa Nabongo.

Mumia aliwapokea wote. Ndivyo wafalme wa Mari, Aleppo na Larsa walivyofanya, na ndivyo alivyofanya yeye mwenyewe kabla ya hapo kwa Waswahili na kwa Wamaasai. Wamaasai hao wanaihusu Lugari moja kwa moja. Walikuwa watu wa Uasin Gishu, nyanda zilezile zinazoanzia mashariki mwa Mautuma. Vita vya Wamaasai kwa Wamaasai viliwavunja katika karne ya 19, wakatawanyika, na wengine wakakimbilia Wanga, wakawa mikuki ya kukodi ya Nabongo. Mfalme aliyezoea kukodi nguvu za wageni na kubaki mwenye nyumba aliwatazama Waingereza kwa jicho hilohilo. Kumwita kibaraka kwa sababu ya hatua hiyo ya kwanza ni kumhukumu kwa mambo ambayo hakuna mtu wa Elureko aliyeweza kuyajua mwaka 1889. Alikuwa anafanya kazi ya ufalme, na kwa muda aliifanya vizuri.

Hatua ya pili ni nzito, nami siwezi kuipamba. C. W. Hobley alifika Mumias mwaka 1895 kuwa mtawala wa serikali mpya. Bunduki zilikuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu, askari walitumwa kuzichukua, na kundi hilo likauawa kwenye ngome ya Lumboka. Agosti 1895 Hobley alirudi na jeshi la Wasudani, Waganda, Wamaasai na Wanga. Lumboka ikaangushwa, kisha ngome ya Chetambe, kwenye kilima kinachoitazama Webuye. Ndani ya mahandaki ya Chetambe walikuwamo Wabukusu na Watachoni, watu wa mikuki na ngao, na walichokabiliana nacho ni bunduki ya kisasa ya kumimina risasi. Ng'ombe wao walichukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Askari wa Mumia walikuwa upande wa bunduki hiyo. Zipo nyumba Mautuma ambazo babu wa babu alikuwa Chetambe, na hakuna somo la kidato cha tatu litakalozishawishi kwamba ile ilikuwa mbinu nzuri ya Wanga kujilinda.

Kisha malipo. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu, na jamaa zake wakapewa nchi za watu wengine kuzitawala. Nduguye Murunga akapelekwa Bukusu, na Mulama akawa chifu Marama. Watu waliowahi kuwa majirani wa Wanga, wakati mwingine maadui, wakati mwingine wakwe, sasa walitozwa kodi ya nyumba na mtu wa Abashitsetse mwenye askari wa serikali nyuma yake. Wamaragoli, Wanyore, Waisukha, kila mmoja alikuwa na wazee wake wa koo na taratibu zake, wala hakuwahi kumpelekea Nabongo ushuru. Madai kwamba ufalme wa Mumia ulitoka Naivasha hadi Jinja, ambayo bado yanarudiwa mikutanoni, yana ukoo na siku hizo. Serikali ilihitaji mfalme mmoja wa kuzungumza naye, na ukubwa wa mfalme ukapanuliwa kulingana na ukubwa wa wilaya. Waandishi wa Isin wangeelewa.

Hapa ndipo Zimri-Lim anaporudi. Mshirika aliyesaidiwa kuwashinda wengine hakuwa na haja tena na msaidizi. Kwa Mumia haikuwa siku moja ya moto. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda, Mumias ukiwamo, ulihamishiwa upande wa Kenya kwa uamuzi uliofanywa mbali kabisa na Elureko. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na misafara iliyoupa mji maisha ikakoma. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishwa kwenda Kakamega. Katika miaka ya 1920 reli ya pili ikajengwa kwenda Uganda, ikapita Eldoret, Turbo, Lugari, Webuye na Bungoma, ikiwahudumia walowezi wa nyanda za juu. Njia ya upande wa Kisumu ikaishia Butere. Mumias haukuguswa na reli yoyote. Mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Katika miaka ya 1930 manung'uniko ya Wamarama na Wabukusu dhidi ya machifu wa Wanga yalizaa matunda, Mulama na Murunga wakaondoka. Nabongo mwenyewe aliishi hadi Aprili 1949, mzee sana, amekwisha kuona kila alichopewa na Waingereza kikichukuliwa na Waingereza.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo inanifanya nimhurumie Mumia zaidi. Hammurabi na Zimri-Lim walikuwa wafalme wa dunia moja. Waliapa kwa miungu waliyoijua wote wawili, waliandikiana lugha moja, na kila mmoja alijua fika kwamba mwenzake anaweza kumgeuka. Mari ilikuwa na wapelelezi Babeli. Mumia hakuwa na mtu London wa kumwandikia kwamba kule nchi yake inaonekana kama kituo cha njia tu.

Kutoka Mautuma kushuka hadi Matungu

Nasaba haikukatika. Baada ya Mumia alifuata Shitawa, na mwaka 1974 kiti kikaenda kwa Peter Mumia wa Pili. Ni mamlaka ya utamaduni, haina kodi wala askari. Matungu, walikozikwa wafalme, kuna kituo cha utamaduni cha Nabongo chenye makaburi na vifaa vya kifalme. Wakenya wengi hata hivyo walilijua jina la Mumia kutoka kwenye pakiti ya sukari, kwa kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1971, na wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Shule za Mautuma hupanga ziara kila mwaka. Ningependa moja yazo, angalau moja, ifuate maji. Mito ya Lugari humwagikia Nzoia, na Nzoia hupita Webuye, ikashuka Mumias, ikaenda ziwani. Basi lishike barabara kuu ya Eldoret na Webuye, na kituo cha kwanza kiwe Chetambe. Wanafunzi wapande kilima, waonyeshwe ngome ilipokuwa, na mzee wa Kibukusu au wa Kitachoni awasimulie Agosti 1895 kwa lugha yake, mwalimu akifasiri kwa watoto wa Kimaragoli. Wasiharakishwe. Wakitoka hapo wapite Bungoma hadi Mumias, waone mji ambao Thomson na Hannington waliufikia kwa miguu, wauone na msikiti, kisha wamalizie Matungu kwenye makaburi.

Kila mmoja awe na daftari lenye majina ya Manabongo upande mmoja na ukurasa mtupu upande wa pili. Kwenye ukurasa mtupu aandike nani alikuwa akitawala wapi wakati huo huo: wazee gani Maragoli, viongozi gani wa ngome Bukusu, nani Ugenya, nani Wanga Mukulu, nani alikuwa mama wa kila Nabongo na alitoka ukoo gani. Mengi ya majibu hayo hayako kitabuni. Yako kwa bibi na babu waliobaki nyumbani Mautuma, kwa hiyo kazi ya ukurasa huo itaendelea jioni, basi likisharudi.